Ombi la Kutembelewa Mwezi wa Pili Uliopita

Shively, Louisville
Tarehe 9 mwezi wa sita

Kwa Mheshimiwa Mzee Ngarambe,
Mwenyekiti wa Umoja wa Watu wa Milimani,
Columbus.
Nakala: Tawi la Buffalo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe, Mama na watoto, na kama mngekuwa na ng'ombe huko Columbus ningewasalimu nao mmoja mmoja kwa majina. Mimi ni Sipriani Ndahiro, katibu wa tawi la Louisville tangu Umoja ulipoanzishwa. Sijawahi kukulalamikia. Leo nalalamika, tena kwa namba, ili isije ikasemwa kwamba sikueleweka.

Habari yenyewe unaijua, maana ilifika Columbus kabla mimi sijafika nyumbani. Tarehe kumi na nne mwezi uliopita nilitoka katika duka moja kubwa la Dixie Highway nikiwa nimekumbatia mto wa kulalia ambao sikuulipia. Sikuuficha. Ulikuwa mkubwa kama ndama, na hakuna mwizi mwenye akili zake angeuchagua. Nilikuwa na siku tisa sijapata usingizi wa maana. Pale kwenye mashuka niliuwekea shavu, kuujaribu tu, na kichwa changu kikatulia kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Miguu ikaendelea na safari yake. Mlinzi wa duka alinikuta kwenye kituo cha basi, nimelala fofofo. Mama wa watu alikuwa na adabu, aliniamsha kwa kunigusa bega. Nakiri kwamba nilikasirishwa zaidi na kuamshwa kuliko kukamatwa.

Nikapewa karatasi ya mahakama. Ni kosa langu la kwanza katika miaka arobaini na sita, ukiacha mahindi ya shangazi yangu, ambayo tulishayamaliza kifamilia.

Sasa malalamiko.

1. Nalalamika kwamba mlikuja. Siku mbili tu baada ya ile karatasi, sebule yangu ilikuwa na watu arobaini na mmoja. Columbus walijaza magari mawili. Buffalo walisafiri kwa muda wa saa nane na sufuria ya sombe, kisamvu chetu, magotini. Enoki, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda, aliomba ruhusa kazini akisema amefiwa na ndugu. Marehemu huyo ni mimi. Alipofika alinishika mkono akasema, "Donc, Sekreteri, ni mto tu? Ungeniambia, niko nayo tatu ku nyumba." Nawashukuru wote. Nilikula, tena nikaongeza. Lakini kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tano nilikaa kwenye kochi lile lile nikitazama ukuta, na kamati haikuniletea hata limau.

2. Nalalamikia Kifungu cha Saba cha Katiba yetu, kinachotaja sababu za mwanachama kutembelewa: kufiwa, kujifungua, kulazwa hospitali kuanzia siku mbili, ajali, nyumba kuungua, na kesi mahakamani. Basi, hapo ndipo orodha inapokwisha. Daktari niliyemwona baada ya kukamatwa anasema ugonjwa wangu ni sonona. Neno hilo nililipata kwa mkalimani wa simu, Mtanzania mmoja mpole. Mimi nilikuwa nadhani ni uvivu. Sonona haimo katika Kifungu cha Saba. Sikufiwa. Sikujifungua. Nyumba yangu ilikataa kuungua. Kwa hiyo miezi minne na nusu sikuwa na sifa za kutembelewa, mpaka nilipoiba. Sijui ni nani aliyeandika kifungu hiki, lakini lazima ni mtu anayelala vizuri sana.

3. Nalalamikia mfano mbaya kwa wanachama. Sasa kila mwenye huzuni ameshaelewa la kufanya. Nasikia Leopoldi wa kwenu Columbus hajacheka tangu Pasaka. Je, ashauriwe kuchukua kikaango? Kama huo ndio utaratibu, napendekeza iundwe kamati ndogo ya kuwaelekeza wenye huzuni waibe kitu gani, kisicho kizito, na katika duka lililo karibu na basi. Buffalo waanze na blanketi.

4. Namlalamikia, kwa unyenyekevu, Mchungaji Azarias. Alikemea roho ya wizi sebuleni kwangu kwa dakika arobaini. Nilisema amina, kwa sababu nilikuwa nimekaa na wageni. Lakini roho ya wizi haikuwamo. Ile iliyokuwamo ilikuwa imekaa kochini pembeni yake, na hakuna aliyeisalimu.

5. Nalalamikia ziara zisizo rasmi. Mama Nyirabeza, mjane wa tawi letu, amekuwa akija kwangu kila Alhamisi tangu mwezi wa pili bila kutumwa na kamati. Huleta chupa ya mtindi. Hukunja nguo zilizolala kwenye kiti. Hukaa saa nzima, haulizi kitu, huondoka. Kama katibu, hata katika hali ile nilitimiza wajibu wangu, na kila mara niliandika katika daftari la ziara. Kwa mfano: "Alhamisi tarehe sita. Mgeni hakutumwa. Mwenyeji hakuvaa viatu, hakusema neno, hakunywa mtindi. Sababu ya ziara: haijulikani." Naomba aonywe kwa barua. Mtu akiruhusiwa kutembelea wenzake hivi hivi, kamati itabaki na kazi gani?

Sasa nifike kwenye ombi, maana hapa utani unaniishia.

Mwanasheria niliyepewa na mahakama anasema kesi inaweza kufutwa nikikubali kumwona mshauri kwa miezi sita. Nimekubali. Lakini mwendesha mashtaka anataka kwanza ushahidi kwamba nilikuwa mgonjwa kabla ya mto, si kwamba nilianza kuugua siku ya kukamatwa. Anataka mtu aliyeniona, asiye wa nyumbani kwangu. Mke wangu Sandrine na binti yetu Umutesi hawahesabiwi. Ninyi arobaini na mmoja mliniona baadaye. Kesi isipofutwa, jina langu litabaki na wizi, na karatasi za uraia nilizopeleka mwaka jana zinaweza kukwama. Nimeshafukuzwa katika nchi moja, Mheshimiwa. Naogopa. Naandika neno hilo wazi ili lisomwe mbele ya mkutano.

Kwa hiyo naomba Umoja unitembelee mwezi wa pili uliopita.

Njooni Jumamosi hii, mmevaa makoti mazito, kofia na glavu. Nitawasha kiyoyozi mpaka madirisha yatoke jasho. Buffalo, kama theluji yenu haijaisha, leteni kidogo kwenye ndoo, tuiweke mlangoni. Tutapiga picha. Ninyi mtanitazama kwa masikitiko, mimi nitatazama ukuta, kazi ambayo nina uzoefu nayo. Kisha utaandika barua yenye muhuri kwamba mlikuja na kuniona. Hamtakuwa mnadanganya, mtakuwa mmechelewa tu, na kuchelewa kwetu hakujawahi kuwa kosa.

Mkikataa, basi asikanyage mtu kwangu tena na sufuria yake.

Wasalimie wote wa Columbus, na Leopoldi mwambie namfikiria. Buffalo wapokee salamu zangu pamoja na sufuria yao, nimeshaiosha.

Wako mtiifu katika malalamiko,
Sipriani Ndahiro,
Katibu.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipopita kwa mwanasheria leo mchana. Nilibeba daftari la ziara ili kumthibitishia kwamba hakuna aliyekuja. Umutesi alimsomea kwa Kiingereza, Alhamisi moja baada ya nyingine, kumi na nne kabla ya siku ya mto, na tarehe zake. Mwanasheria alivua miwani akasema hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Kwa hiyo msije na makoti. Lalamiko la tano nalifuta.

La pili pia nalifuta. Nilipotafuta nakala ya Katiba ili niiambatishe hapa, nilikuta rasimu ya kwanza ya Kifungu cha Saba. Orodha ilikuwa na sababu moja zaidi: "huzuni ya muda mrefu." Ilipendekezwa na Mama Nyirabeza, ambaye mwaka ule, matanga ya mumewe yalipokwisha na sisi sote kurudi makwetu, alikaa miezi mitano bila kufungua mapazia. Imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: "Haina cheti." Mwandiko ni wangu.

Jumanne ijayo anakwenda nami mahakamani. Nilimpigia simu nikamwuliza kwa nini hakuwahi kunikumbusha, hata zile Alhamisi ambazo niliandika mbele ya macho yake kwamba sababu yake haijulikani. Akanijibu, "Bon, Sekreteri, nilikuwa nakungoya umalize kuandika."

Nimemaliza, Mheshimiwa.