Swichi Mbili za Gari la Marehemu Gatimu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Gari ni langu! Wacera, mke wangu, alilizunguka mara moja, akauliza tumenunua gari ama kutu. Hajui mambo ya difu.

Iandikwe hapa, wajukuu waje wasome. Chama chetu cha maziwa hapa Mweiga kinatafuta gari la kubeba maziwa ya mashamba ya juu, upande wa msitu, msimu huu wa mvua. Majaribio ni Ijumaa. Mshindani ni mmoja tu, Ngatia, na trekta lake la makelele. Nikishindwa, Wacera ameapa gari litauzwa na mimi nirudi kulima viazi kwa kaka yake. Kwa kaka yake!

Lakini gari hili lina difu za kufungwa, zile gia za katikati ya magurudumu, mbele na nyuma. Ukizifunga, magurudumu yote yanazunguka pamoja, na tope halikuwezi. Ubaya wake, likifungwa halitaki kukata kona. Ubaya mwingine ni kompyuta yake, inayofunga inapotaka yenyewe. Dawa ninayo. Nitaing'oa, niweke swichi mbili za mkono. Nitafunga ninapotaka mimi.

Lilikuwa la Mzee Gatimu, aliyebeba maziwa kwenye barabara hiyo miaka ishirini. Mwezi wa Januari alikutwa ameketi ndani yake, langoni kwake, injini ikinguruma, yeye amekwisha kupoa. Mjane wake, Mama Shiku, ameniuzia kwa sharti moja: kila asubuhi niingie kwake kwanza, nichukue maziwa yake kabla ya ya watu wengine. Ati ndilo neno la mwisho alilosema mzee akitoka kwenda garini, na neno la namna hiyo halichezewi. Nikasema ndiyo, mama. Nani atapanda kilima kile kwa ajili ya mtungi mmoja? Ulimi hauna mfupa.

Jumanne, 6 Mei

Swichi nimepata. Zina taa ndogo nyekundu, nzuri mno. Moja nimeitoa kwenye mashine ya Wacera ya kukatia nepia, majani ya ng'ombe, nyingine kwenye pampu ya maji. Atafikiri ni panya.

Griffins, fundi wa pale sokoni, alinishauri niweke rilei na fyuzi, nyaya zisije zikashika moto. Nilimshukuru. Anatafuta kazi tu. Nilipoingia chini ya dashibodi nikakuta waya mweupe umekaa bure. Nikaugusisha taa ya kupimia. Ikawaka! Nikaunganisha hapohapo. Nikibonyeza swichi, chini kunalia "ka!" na difu inafunga. Kichwa hiki kingezaliwa Ulaya!

Jambo dogo. Ndani kunanuka ugoro. Mzee Gatimu alikuwa mtu wa ugoro. Nimefungua madirisha.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata zizi halikuonekana. Kilichoonekana ni taa mbili nyekundu. Swichi zote zimebonyezwa. Jana niliziacha juu, zimezimwa, naapa. Magurudumu yana tope bichi, na gari sijalitoa. Nilimuuliza Wacera. Alisema hajaingia humo na hataingia, na kwamba ng'ombe wake wanakula nepia nzima nzima kwa sababu ya panya anayejua kutumia bisibisi.

Nikaifungua betri. Taa hazikuzimika. Nikaibeba betri mpaka jikoni, nikarudi. Zinawaka. Nikiwa nimesimama hapo peke yangu, chini ya gari kukalia "ka!" Kisha nyuma, polepole, "ka!" Nikaenda kunywa chai. Nusu ya kikombe ilimwagika. Baridi ya Mweiga si mchezo.

Nyuma, mahali pa mizigo, kuna duara la maji meupe, ukubwa wa kitako cha mtungi. Nimelionja. Ni maziwa. Yana vuguvugu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwita Griffins, kwa ushauri tu. Aliufuata ule waya mweupe kwa vidole, kutoka dashibodi mpaka nyuma. Huko umekatwa, ncha yake imefungwa kwa uzi wa gunia, haigusi kitu. Akaipima. Taa ikawaka. Akaipima tena, halafu akasema, "Boss, hii waya haiko na mahali inatoka."

Akauliza kama mjane alisema neno lolote akiniuzia. Nikamwambia hakuna la maana. Akakusanya spana zake, akakataa chai. Griffins, kukataa chai!

Waya huo nimeung'oa wote, nikautupa chooni. Swichi nimeziunganisha moja kwa moja na betri. Rilei ni za waoga. Kwenye kiti cha abiria nimeweka Biblia, kwa ajili ya uzito.

Ijumaa, 9 Mei

Majaribio.

Murugi, katibu wa chama, mwanamke wa Meru asiyecheka ovyo, aliketi kando yangu, Biblia mapajani. Ngatia alitufuata na trekta. Ukungu tele. Swichi juu, taa zimezima.

Lango la Mama Shiku liko penye kona. Mpango wangu ulikuwa kulipita nikitazama mbele. Hatua ishirini kabla ya kona, harufu ya ugoro ikajaa. Murugi akapiga chafya. Taa moja ikawaka. Halafu ya pili. "Ka!" "Ka!" Nikazungusha usukani wote. Gari halikukata kona. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Lilinyooka taratibu, kama ng'ombe anayejua zizi lake, likaingia langoni, likapanda kile kilima cha utelezi mpaka juu. Nilipiga mayowe. Naandika kwa sababu Murugi alisikia na atasema.

Likasimama mlangoni lenyewe. Mama Shiku alikuwa hapo na mtungi, shuka mabegani, hana mshangao hata kidogo. Nilianza kuomba msamaha kwa kuchelewa siku zote hizo.

"Kuchelewa aje?" akasema. "Hii gari imekujanga kila asubuhi. Naweka mtungi, naona hakuna mtu, natoa mtungi. Ni wewe tu hukuwa ndani."

Murugi aliifungua Biblia. Mimi nilibeba mtungi. Niliuweka juu ya lile duara, ukalingana nalo sawasawa.

Trekta la Ngatia lilikwama katikati ya kilima. Tulilivuta tukishuka. Murugi akaandika kwenye daftari lake kwamba gari limekubaliwa, mradi kila siku lianze kwa Mama Shiku. Alisema anamwogopa Mungu, na sasa anamwogopa na mwingine. Lakini nimeshinda! Kilichoshinda ni swichi zangu.

Jumatatu, 12 Mei

Kazi imeanza. Difu zinajifunga langoni na kujifungua barabarani. Mimi nashika usukani kwa heshima tu. Kiti cha abiria sikitazami. Wacera ametambua swichi zake, kwa hiyo jioni nakata nepia kwa panga.

Hata hivyo gari moja halimtoshi mtu mwenye akili. Leo nimepita Giakanja. Kuna mjane anauza trela ya mumewe, safi kabisa, inafaa mitungi. Ati marehemu aliacha neno kuhusu trela hiyo. Nilikuwa na haraka. Nilimwambia ndiyo, mama, kabla hajalimaliza.