Hotuba Niliyoitoa Nikiwa na Bukta ya Baba Atupele

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya wazazi wa shule nzima. Si methali. Kitenge kimetoka kweli. (Na bado nina hasira, kwa hiyo nisomeni taratibu.)

Mvua ya Tukuyu mnaijua. Huku Kinyala nguo zimeanikwa tangu wiki iliyopita na hazina habari ya kukauka. Asubuhi, wakati wa kwenda kikao cha wazazi, sikuwa na sketi hata moja isiyo na unyevu, na baridi ilikuwa inauma. Nikavaa bukta ya mume wangu, ile ya njano ya kuchezea mpira, nikafunga kitenge juu yake. Nani ataona? (Nyamazeni.)

Tulikaa ndani ya darasa, wazazi na watoto. Mimi benchi la pili, pembeni yangu bibi mmoja anayelea mjukuu wake. Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba wahisani wameleta masweta. Nikapiga makofi. Sweta kwa baridi hii si jambo dogo.

Kisha Madam Rehema, mwalimu wa darasa la tatu, akashika kipaza sauti. Akasema atawaita watoto wasio na wazazi, wasimame mbele watu wawaone. Wakaanza kupita mmoja mmoja, wanaangalia sakafu. Mjukuu wa bibi naye akaitwa. Bibi akainamisha kichwa.

"Atupele, njoo. Huyu naye hana wazazi, analelewa tu."

Atupele ni mwanangu. Tulimchukua akiwa mchanga, tukapita ustawi wa jamii, tukapita mahakamani, mpaka akawa wetu kisheria. Mwenyewe anajua, hatujawahi kumficha. Anajua kuna mama aliyemzaa, na anajua mama yake ni mimi. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mtu mzima na kilo zangu. Madam Rehema huyo huyo alikuwa amenipokea mlangoni kwa "shikamoo, Mama Atupele".

Mtoto akasimama. Akaniangalia. Macho yale sitayasahau.

Niliruka. Nikasikia kitu kinachanika, nikadhani ni moyo. (Ulikuwa msumari wa benchi.) Sikugeuka. Nilikwenda moja kwa moja mbele, nikachukua kipaza sauti mkononi mwa Madam bila hata kuomba.

"Kama huyu hana mzazi," nikasema, "mimi hapa ni nani? Mfuko wa mbolea?"

Nikaona wamenielewa, nikaendelea. Nikawaambia sweta halihitaji matangazo. Nikasema bibi anayeamka alfajiri kumpikia mjukuu uji hastahili kuambiwa mtoto hana mtu. Nikakumbusha kwamba juzi watoto waliambiwa wachore baba na mama waliowazaa, wangu akarudi nyumbani na karatasi tupu. Na wenzake sasa wanamwita wa kuokotwa, neno ambalo hawakulitoa porini. Nikashika kiuno. Nikapiga mguu chini. Nikawapa wazazi mgongo ili nimwonyeshe Mwalimu Mkuu kidole vizuri. (Nyuma, bukta ile ina kiraka cha bluu. Nilikishona mwenyewe.)

Darasa lilikuwa limetulia ajabu. Akina mama wameziba midomo kwa khanga. Baba mmoja anatazama dari. Nikajisemea, leo maneno yameingia.

Ndipo Atupele akaja, amekumbatia nguo, akanivuta mkono.

"Mama, kitenge chako kimebaki kwenye benchi."

Kipaza sauti kikadaka kila neno.

Nikaangalia chini. Njano. Halafu magoti yangu, yote mawili.

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mwalimu Mkuu akainama nyuma ya boksi la masweta, mabega yanamtikisika. Mwingine angekimbilia migombani. Mimi hasira ikanirudia upya. Nikafunga kitenge pale pale, mafundo mawili, nikainua tena kipaza sauti.

"Sijamaliza. Mmemsikia ameniita nani?"

Kicheko kikakatika.

Bibi akasimama. Akasema kwa Kiswahili chake cha nyumbani kwamba na mjukuu wake ana mtu, na mtu mwenyewe ni yeye. Akamwita mtoto arudi akae naye. Wengine wakaita wa kwao, mpaka mbele akabaki Madam Rehema peke yake. Mwalimu Mkuu akajitokeza, akaomba radhi, akasema masweta yatagawiwa madarasani bila kumtangaza mtu, na watoto watachora watu wanaoishi nao nyumbani.

Nje, Madam akanifuata. Akasema alikusudia kusaidia. Nikamwambia siku nyingine aniulize kwanza. Akachuchumaa mbele ya Atupele, akamwomba msamaha mwenyewe. Atupele akaitikia. Mimi bado. (Labda Jumatatu.)

Njiani mtoto alinishika mkono mpaka tulipofika kwenye mashamba ya chai. Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye matope na sare yake. Nikakaa naye.

Basi, chekeni na nyie. Ila mkimsikia mtu anasema Atupele hana mama, mwambieni yupo, shule nzima imemwona mpaka magoti.