Kifurushi cha Nedyalka

Jumatatu, 6 Novemba

Nedyalka amekufa. Mke wangu. Alhamisi, hospitalini, mapafu. Jumamosi tumemzika. Matope mpaka ndani ya soksi.

Msimamizi kanipa wiki mbili nikae nyumbani, bila malipo. Kasema mawe ya barabara hayakimbii.

Leo nimebandika matangazo ya msiba. Picha yake ile ya kilemba, jina lake, na chini: mumeo Delcho. Mlango wa jengo letu, kituo cha basi, mti wa mbele ya duka la mkate. Nageuka, namkuta Rangel, mdogo wake Nedyalka, naye ana matangazo yake. Ya rangi! Makubwa mara mbili! Chini: mdogo wako Rangel. Nedyalka wangu, wa nyeusi na nyeupe, anaonekana kama kafa zamani. Nikamwuliza Rangel marehemu ni wa nani hapa. Kasema, "Shemeji, mimi nilikuwa naye kabla yako."

Haya. Nikarudi kwa mchapaji, nikachukua rundo zima. Nikakoroga gundi ya kazini, ile ya kubandikia vigae. Nimebandika mji wetu wa Ruse mzima. Soko, zahanati, posta zote za mji, maana wazee wote wanapita posta kuchukua pensheni. Rangel anatumia gundi ya maji. Mvua ikinyesha tutaonana.

Ijumaa, 10 Novemba

Imenyesha. Ya Rangel yameanguka. Yangu yapo. Sikufurahi kama nilivyodhani.

Kuna kikaratasi cha posta kwenye sanduku la barua. Kifurushi. Kwa Nedyalka Dimova. Kimetoka duka fulani la Varna, huko pwani.

Maisha yake yote Nedyalka hakuagiza kitu. Hata sindano alinunua sokoni, baada ya kuipima kwa kidole. Sasa kaagiza nini? Na kwa nini hakuniambia?

Nikaenda posta ya mtaani kwetu. Mama Veneta wa kaunta kanipa pole, kauliza kama nakula. Halafu kasema kifurushi anapewa mwenyewe. Nikasema mwenyewe nimemzika. Kasema anajua, alikuwepo, alishika mshumaa. Basi nilete cheti cha warithi kutoka manispaa. Kisipochukuliwa mpaka Ijumaa ijayo, kinarudi Varna.

Cheti cha warithi! Hatukujaliwa watoto. Kwa hiyo Rangel naye anaandikwa. Yaani nifungue kifurushi cha mke wangu huku Rangel ananipumulia shingoni? Afadhali kichomwe moto.

Hapana. Kisichomwe. Nakitaka.

Jumamosi, 11 Novemba

Akili imekuja nikiwa nanyoa ndevu. Nimejikata, lakini imekuja.

Nimepiga simu posta kuu, leso mdomoni, sauti ya kike. Nikasema mimi ni Nedyalka Dimova, kifurushi changu kipelekwe posta ya ng'ambo ya pili ya mji, niko huko kwa ndugu. Nikataja namba zote za kwenye kikaratasi. Binti wa simu kasema, "Sauti nzito hiyo, mama." Nikasema mafua. Kaniambia ninywe chai ya maua na nisitoke na kichwa wazi. Kakubali! Huko hatujulikani kabisa.

Pipa la kabichi ya kuchachusha kwenye ghala la chini linanuka. Nedyalka alilijaza kabla ya kulazwa. Yale maji ya chumvi yanatakiwa kutolewa na kurudishwa, nimesahau tangu mazishi. Leo nimeyatoa. Nikakaa juu ya ndoo. Sikuyarudisha mpaka giza.

Jumatatu, 13 Novemba

Sasa anatakiwa mwanamke. Nimemwendea Tsonka, mjane wa ghorofa ya kwanza. Kimo cha Nedyalka, kilemba kama cha Nedyalka. Kitambulisho cha Nedyalka ninacho.

Kasema, "Delcho, una wazimu." Nikasema ndiyo. Kasema atafanya nikimpa nusu ya kabichi. Nikasema robo. Kasema kwa robo hawi marehemu wa mtu. Nimempa nusu.

Jumanne, 14 Novemba

Siku mbaya.

Tumepanda basi mpaka ng'ambo ya mji. Tsonka kajipaka rangi ya midomo. Nikamwambia Nedyalka hakupaka. Kasema, "Basi wakati wake wa kupaka umefika."

Tunafika mlangoni. Nedyalka ananitazama. Kilemba, picha, mumeo Delcho. Nimembandika mimi mwenyewe! Kwenye kioo, juu kidogo ya kitasa!

Nikatoa ufunguo, nikakwangua. Gundi ya vigae. Imetoka pembe tu ya kilemba. Watu wanataka kupita. Tsonka kaniambia niache, ananiaibisha, kaingia.

Kijana wa kaunta kachukua kitambulisho. Kamwangalia Tsonka. Kaangalia mlango. Kamwangalia tena Tsonka. Kauliza kwa adabu, "Mama, huyu pale nje si wewe?"

Tsonka kasema, "Nilipona."

Foleni nzima ikapiga ishara ya msalaba. Bibi mmoja mwenye mkongojo kamshika Tsonka mkono, kamwuliza huko alikotoka kukoje, na kama alimwona Mincho wake, mfupi, kipara, anakoroma. Tsonka kasema wako wengi, hakuwaangalia wote. Bibi kaanza kulia. Tsonka naye kalia. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine ya picha.

Kijana hakuita polisi. Kaja mpaka kwangu, kanirudishia kitambulisho mkononi. Kasema, "Pole, baba. Cheti cha warithi."

Jumatano, 15 Novemba

Mchana Rangel kaja na sufuria ya maharage, mkewe kampa. Kasikia kila kitu kwa kinyozi. "Shemeji, mji mzima unasema dada yangu kafufuka na bado anapanga foleni posta." Nilitaka kumrushia maharage. Lakini yalikuwa ya moto na nina njaa.

Kumbe cheti anacho! Alikwenda manispaa wiki iliyopita. Majina yetu mawili, sawasawa. Kasema twende pamoja Ijumaa, tuchukue, basi. Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nishafikiri. Koti lake liko kwenye kiti. Kaenda chooni. Mfukoni kuna karatasi iliyokunjwa, ina mhuri. Mimi nasoma polepole, lakini mhuri nauona haraka. Nikaichukua.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimekwenda posta ng'ambo ya mji peke yangu, shati safi. Nikaweka karatasi kaunta kama mfalme.

Kijana kasoma. Kasoma tena. Kaniuliza Sharo ni nani.

Sharo ni mbwa wa Rangel. Kachanjwa kichaa mwezi wa tatu, mhuri ni wa daktari wa mifugo.

Kijana kauma mdomo asicheke. Kasema kwa upande wa kichaa cha mbwa hana tatizo na mimi.

Nimerudi kwa miguu. Ukungu kutoka mtoni, huoni hata viatu vyako. Kesho kinarudi Varna. Nimefika chini ya jengo la Rangel, nikasimama. Nikabonyeza kengele.

Ijumaa, 17 Novemba

Rangel kavaa tai. Nikamwuliza tai ya nini, tunakwenda posta. Kasema, "Ni kitu cha mwisho anachotuletea."

Tukapanda basi. Mlangoni kaitazama picha ya Nedyalka, kasema gundi yangu ni nzuri. Nikasema picha yake ilikuwa nzuri zaidi. Imenitoka tu.

Tumetia saini wote. Kijana katukabidhi kifurushi. Chepesi! Sikuweza kungoja, nimekifungua palepale kaunta kwa meno.

Vazi la kuogelea. La kike. Bluu, maua ya njano. Saizi yake.

Mwezi wa kumi na moja, baridi hii! Rangel kalinyanyua juu, foleni yote ikaona. Kaanza kucheka. Kacheka mpaka kakaa sakafuni na tai yake, halafu hakuwa anacheka tena. Nikakaa naye. Kila mwaka Nedyalka alisema bahari. Kila mwaka nilisema mwakani. Kumbe safari hii aliniamini.

Kijana alifunga kaunta yake, akatuletea maji.

Nje Rangel kasema siku ya arobaini tulitoe sadaka na nguo zake nyingine, ndiyo desturi, apewe Tsonka. Nikasema sawa.

Jumapili, 19 Novemba

Silitoi.

Jana asubuhi nimekwenda posta kuu, iko wazi Jumamosi. Nimelifunga vizuri, kamba mbili. Nimelituma. Kwa Nedyalka Dimova, anwani yetu. Mtumaji nimeandika Varna.

Binti wa kaunta kauliza kama ni la haraka. Nikasema hapana, lije polepole.

Wiki hii nitafungua sanduku la barua, kutakuwa na kikaratasi kina jina lake. Watasema apewe mwenyewe. Cheti anacho Rangel, lakini safari hii Rangel hahitajiki. Tsonka ana binamu yake wa kike hapahapa Ruse, pua kama ya Nedyalka kabisa. Hapaki rangi ya midomo. Anataka kabichi iliyobaki.

Kesho narudi kazini.