Kitufe cha Kusafisha

Jumatatu, 3 Machi
Meneja wa redio amekubali! Kompyuta kuu ya kituo, inayohifadhi sauti zote, sasa iko mikononi mwangu. Shemeji, kaka wa mke wangu na fundi mwenzangu, amevimba kama chura. Yeye na skrini yake nyeusi! Amri zenyewe zimenizidi umri: grep ya kutafuta, rsync ya kunakili, cron ya kuamsha kazi saa yake ikifika. Na anapiga mluzi akiziandika. Nimemweleza Meneja kwamba programu yangu mpya ina vitufe vya rangi na inajua yote hayo. Meneja kapenda rangi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeziondoa zana za Shemeji. Moja moja, kwa raha. Kasema Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ile, bila hizo ni nyumba iliyong'olewa misumari. Nikamjibu misumari yenyewe ina kutu. Akachomoa diski yake ya nakala, akaifungia kabatini, akasema nisije kumlilia. Nani alie? Nyumbani mke wangu kaninunia. Damu nzito kuliko maji.

Alhamisi, 6 Machi
Alikuja Bibi Salamu, mtangazaji wetu mstaafu. Sauti iliyokuwa ikiwaamsha watu kabla ya jogoo! Sasa mgonjwa, anashikwa mkono na binti yake. Karekodi salamu za kuwaaga wasikilizaji na wajukuu. Akaniuliza, mwanangu, itakaa salama? Nikamwonyesha taa ya kijani ya programu yangu, ishara kwamba nakala ipo. Akacheka, akasema macho yake hayaoni rangi tena, ataniamini mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Diski ya kompyuta kuu imejaa. Programu ina kitufe kimeandikwa "Safisha". Nikabonyeza. Nafasi tele!
Kumbe inafuta mafaili yenye jina moja, ikidhani ni marudio. Na kila kipindi cha Bibi, mwaka baada ya mwaka, hadi kile cha jana, kiliitwa "salamu". Kimebaki kimoja tu, cha majaribio: Bibi anahesabu moja, mbili, moja, mbili. Nikakimbilia nakala. Taa ya kijani inawaka, ghala tupu. Haijawahi kunakili hata sekunde moja. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 9 Machi
Bibi Salamu kafariki jana. Leo binti yake kaja kuomba ile sauti ya mwisho, isikike mazishini. Meneja akanitazama. Nikasema mitambo inapashwa moto. Mitambo gani, Mungu wangu!
Nikaenda kwa Shemeji. Nikapiga magoti, nikamwita kaka. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akarudisha zana zake, akachomeka diski, akaandika mstari mmoja. Miaka yote ya Bibi ikaanza kurudi, faili kwa faili. Kisha akaitafuta ile ya Alhamisi kwa grep. Kimya. Akatafuta tena. Kimya. Nakala zake ziliishia Jumanne, nilipoziondoa zana zake.
Nilimwambia binti mwenyewe. Hakugomba. Aliuliza tu kama nakumbuka mama yake aliwaambia nini wajukuu. Nilikuwemo chumbani mle mle, hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa natazama taa.
Nikamwambia sikumbuki. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Jumatano, 12 Machi
Shemeji karudishiwa kompyuta. Haki yake. Mimi nimehamishiwa meza iliyo jirani na choo. Siku tatu sina hamu ya kula. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba kuanzia sasa ni unyenyekevu tu, na zana za wazee kaa la moto kwangu, sizigusi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimetafakari sana. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la vitufe. Vitufe ni mambo ya kizamani! Kuna programu inayopokea amri kwa mdomo: unasema, inatenda. Shemeji anaanza likizo kesho. Nimepita kwa Meneja, kwa unyenyekevu kabisa, nikamkumbusha kwamba kompyuta haiwezi kukaa yatima.