Bomba la Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Doa limetokea kwenye dari ya bafu. La kahawia, ukubwa wa kisosi. Nimelitazama kwa furaha. Tangu mke wangu aende kumsaidia binti yetu kulea kichanga, hakuna kipya kilichoingia humu ndani. Aliaga kwa wiki tatu. Kichanga sasa kinakaa chenyewe, kina meno mawili, na kwa taarifa ya simu ya jana kinapiga makofi. Mimi nakula mayai.

Sijamwambia arudi. Mwanamume mzima hamlilii mke kwenye simu. Lakini nyumba ikimlilia, hilo ni jambo jingine. Nikampigia, nikamweleza kwa sauti nzito kwamba dari inaoza. Nikasubiri aseme anakuja. Akasema nimwone Mwenyekiti, tena leo leo. Nyuma yake mjukuu akacheka. Sijui nani alimchekesha.

Jumanne, 4 Juni

Mwenyekiti wa jumuiya ya wenye nyumba katika ghorofa letu ni muuza mapazia. Uchaguzi uliopita alinishinda kwa kura zote isipokuwa moja, na mke wangu mpaka leo hataki kusema alimpigia nani.

Nilitegemea uzembe wake. Nikamtajia doa pale kwenye ngazi, juu juu tu, ili asahau. Hakusahau. Kabla ya adhuhuri fundi bomba alikuwa bafuni kwangu. Akatoboa ukuta, akanionyesha bomba linalopandisha maji kwa wakazi wote. Kiungo kimeoza. Nikamuuliza, kwa matumaini, kama huo ni mzigo wangu. Akasema hapana, bomba la ukutani ni la wote, jumuiya inalitengeneza kwa ile ada tunayotoa kila mwezi. Nikauliza kama kazi haitachukua mwezi hivi. Akasema ataimaliza leo, labda achelewe kidogo nikimkaribisha chai.

Nikamkaribisha. Nilichemsha birika kubwa. Alikunywa taratibu, akanisimulia vituko vya mkwe wake, nami nikamdai vingine. Jioni bomba lilikuwa zima na dari imepigwa plasta. Akafunga mfuko wake akaenda. Vikombe viwili mezani. Nimekiosha kimoja.

Jumatano, 5 Juni

Nimempigia mke wangu kumpa habari mbaya, kwamba kila kitu kimetengenezwa. Akamsifu Mwenyekiti. Alitumia neno “mchapakazi”.

Baada ya hapo nimesoma kanuni za jumuiya, jambo ambalo nadhani hakuna mkazi mwingine amewahi kulifanya. Kumbe kuanzia koki ya ndani kwenda jikoni na bafuni, ukarabati ni juu ya mwenye nyumba. Hapo Mwenyekiti hana ruhusa ya kuwahi. Nimelala mapema, roho kwatu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeilegeza kwa spana nati chini ya sinki la jikoni. Tone, tone. Nikampigia mke wangu. Akasema niweke bakuli, kisha nikaze nati.

Wahenga walisema chururu si ndo! ndo! ndo! Mke wa mtu hapandi basi kwa ajili ya ndo ndo ndo. Nikaipa nati nusu mzunguko zaidi, nikaenda dukani, ili nikirudi nishtuke kikweli.

Dukani kulikuwa na foleni. Nikafurahi. Mbele yangu alisimama bwana mmoja mwenye maoni kuhusu bei ya sabuni, na mimi pia nina maoni. Tuliongea hata zamu yangu ikapita. Nikamwachia wa nyuma, na wa nyuma yake.

Niliporudi, binti mmoja, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, alikuwa mlangoni pangu ameshika gauni jeupe. Lilikuwa linachuruzika maji ya rangi ya chai. Nati ilikuwa imetoka kabisa. Maji yalifurika jikoni, yakapenya sakafu, yakaangusha kipande cha dari yake juu ya gauni la bibi harusi. Harusi ni Jumamosi.

Hakupiga kelele, heri angepiga. Aliniuliza, “Baba, ulikuwa wapi? Nimegonga mpaka mkono umeniuma.”

Nikasema nilikuwa kwenye foleni.

Mwenyekiti alishafunga maji kutoka nje, na sasa alikuwa anadeki ngazi kwa mapazia yake ya zamani. Akaja akatazama chini ya sinki. Akaniambia kwa upole kwamba bomba hili ni langu, kwa hiyo dari ya jirani ni juu yangu na gauni ni juu yangu. Kutoka kwa jumuiya, akasema, mzee wangu, nina pole tu. Sikuweza kumtazama yule binti wa cherehani. Gauni lilikuwa na vishanga vidogo vidogo, kila kimoja kimeshonwa kwa mkono.

Ijumaa, 7 Juni

Amekuja!

Mwenyekiti ndiye aliyempigia. Basi la alfajiri. Nilikuwa nimenyoa ndevu na kuvaa shati la bluu. Alinipita, akatua begi, akachungulia chini ya sinki, kisha akaitazama spana mezani. Akaniuliza hii imetoka wapi. Nikasema fundi aliisahau. Akachukua sindano zake, akashuka kwa fundi cherehani.

Wameshinda huko mchana kutwa, wakifua na kushona upya pindo la gauni. Dari ya chini ina tundu, kwa hiyo nasikia kila kitu. Wanacheka. Nilisahau kicheko chake huwa kinaanza kwa kukohoa. Mara mbili nimekwenda hadi ngazini na kurudi. Mke wangu yuko nyumbani, tumetengana kwa sakafu moja, na mimi nimekula mayai.

Jumamosi, 8 Juni

Gauni limeokoka. Bibi harusi amelichukua asubuhi bila kujua lolote.

Tulikunywa chai. Mke wangu akaniuliza, “Babu, ulinikumbuka?”

Nikasema nati ilikuwa na kutu.

“Ungesema neno moja tu ningekuja. Basi twende wote. Kitanda kipo, mjukuu yupo, unakaa hapa unalinda nini?”

Nikamweleza kwamba dari ya jirani inatengenezwa wiki ijayo, na mwenye nyumba ana wajibu wa kusimamia. Alisimama mlangoni na begi lake, muda mrefu kuliko begi lenyewe lilivyohitaji. Kisha akasema, “Haya.”

Nilimsindikiza kituoni. Alikaa dirishani. Nilikuwa na neno mdomoni, lipo kabisa. Nikasema tairi la nyuma limepungua upepo. Akatikisa kichwa, basi likaondoka.

Jumapili, 9 Juni

Nimeketi nikatafakari kosa langu, kwa uaminifu, bila kujipendelea. Nimeligundua. Kosa lilikuwa maji. Maji hayana adabu, huenda kwa jirani. Mtu mwenye akili huharibu kitu kitakachobaki kwake.

Nimemkuta Mwenyekiti uani, nikamuuliza dirisha la chumba cha kulala ni juu ya nani. Akasema kioo ni cha mwenye nyumba. Akauliza kwa nini. Nikasema napenda tu kujua.

Mke wangu hawezi kuvumilia kusikia kwamba nalala kwenye upepo. Nimeshachagua jiwe.