Posa Kavu ya Kilema

Jumanne, 13 Mei
Kura ya mwenyekiti wa Kikundi cha Kiasi ni Jumapili baada ya misa. Nautaka uenyekiti huo! Wenseslaus kaung'ang'ania kama kupe. Tumeapa sote: hakuna pombe, sherehe ni soda na juisi. Halafu Jumamosi watu wa Jesse wanakuja kumposa binti yangu Stella, na huku Kilema posa huja na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nani alichagua wiki hii? Namshuku Wenseslaus.

Nimempigia Mzee Mathew, mshenga wao, nikamsihi walete soda. Akaniuliza kama ninaoza binti au ninafungua kioski.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata akili! Nimechemsha ndizi mbivu, nikachuja, nikatia ulezi kidogo ipate sura ya mbege. Juisi tupu! Jumamosi pipa la wageni litafichwa zizini, litoke langu. Wazee watapata mila yao, mimi nitabaki na kiapo changu. Mke wangu Justina kasema pipa langu hilo lilikuwa la pombe zamani, nilisugue kwanza kwa maji ya moto. Kwa nini anataka kunichelewesha? Sikusugua.

Alhamisi, 15 Mei
Wenseslaus kapita mbele ya nyumba. Hana shamba upande huu! Kamsalimia Justina kwa uchangamfu mno. Nimelifunika pipa kwa blanketi zito na kulisogeza karibu na jiko, asilione mtu.

Ijumaa, 16 Mei
Pipa linatoa sauti. Fyuu, fyuu. Nimelipekua nje kote, huenda Wenseslaus kaficha kinasa sauti. Sikukiona. Mjanja!

Stella kaniambia, machozi yakimlenga, kwamba nikimharibia posa hatanisamehe. Imeniuma kweli. Nani kamjaza maneno?

Nimemwalika Wenseslaus kesho. Aone posa kavu kwa macho yake.

Jumamosi, 17 Mei
Mzee Mathew alionja kwanza, maana mleta mbege hunywa kabla ya mwenyeji. Akafumba macho. Akasema hakujua mkewe ana mkono wa namna hiyo. Kata ikaja kwangu. Kali! Ningefanya nini? Nikisema ni pombe, kura imekwenda. Nikisema nimebadilisha mapipa, posa imekwenda. Nikameza. Nikampa Wenseslaus, nikamhakikishia ni juisi.

Akaonja. Akanitazama. Akaomba juisi nyingine. Na nyingine. Jioni tulikuwa tumeshikana mabega tukiimba nyimbo za Noeli. Posa imekubaliwa. Stella kacheka mpaka kaketi chini.

Jumapili, 18 Mei
Padri alitusalimia kwa mbali, kisha akarudi nyuma hatua moja zaidi. Mimi na Wenseslaus tumefutwa kwenye kikundi. Mwenyekiti mpya, bila hata kura moja ya kumpinga: Justina! Ati hakugombea, walimpendekeza tu. Ati!

Jumatatu, 19 Mei
Kichwa kimetulia, sasa naona yote. Nani alijua siri ya pipa? Nani alisalimiwa kwa uchangamfu? Nani aliniona na blanketi akanyamaza? Nimemuuliza Justina uso kwa uso. Kajibu kwamba alinionya, na kwamba ng'ombe hana majani. Jibu la mtu mwenye njama!

Uenyekiti nitaupata. Nitampeleleza kila hatua, wala hatashtuka. Tunalala kitanda kimoja.