Mwanaanga Amepimwa, Anatolia Hajapimwa

Kwa Mhandisi wa Milango na Vishikio vya Vyombo vya Anga,
Popote ofisi yako ilipo.

Ndugu Mhandisi,

Pokea heshima zangu kutoka Songambele, wilayani Kyerwa, ambako mvua imenyesha vizuri na migomba haijambo. Baada ya hapo naomba ukae, maana nimekuja kulalamika.

Nimesoma katika jarida moja kwamba kabla ya kutengeneza mlango wa chombo cha anga, mnamvisha mtu lile vazi nene, mnalijaza hewa, kisha mnapima mkono wake unafika wapi na vidole vinakunjika kiasi gani. Ndipo mnatengeneza kishikio cha kumfaa. Nilifanya kosa la kumsomea habari hiyo mke wangu, Anatolia, ambaye yeye na wenzake kumi na mmoja wanafuga nyuki. Tangu siku hiyo sina amani, na wa kulaumiwa ni wewe.

1. Mwanaanga wenu amepewa kishikio kinachojaa kiganja. Anatolia, akiwa ndani ya ovaroli la kurinia asali na glavu nene kama soli ya kandambili, amepewa komeo la mlango wa mzinga lenye ukubwa wa punje ya maharage. Mwezi uliopita lilimshinda, akavua glavu moja. Nyuki walimchoma mara kumi na nne. Alirudi mkono umeumuka kama andazi, nami nikamwuliza asali iko wapi. Swali hilo nalijutia hadi leo.

2. Mnajua kwamba aliyevaa vazi lile hainui mikono kwa urahisi, kwa hiyo mnamwekea vifaa mbele ya kifua. Huku kwetu mizinga imetundikwa juu, kwa kimo cha wanaume, kwa sababu tangu zamani kurina ilikuwa kazi yetu na mwanamke hakupanda mti. Sasa wanaume tumehamia kwenye kahawa na kusikiliza redio, asali wameachiwa wanawake, na mizinga haijashuka hata inchi moja. Mwenyekiti wao, mama Speciose, husimama juu ya ndoo.

3. Mwanaanga haoni miguu yake, basi mmempa mahali pa kuichomeka. Mama Speciose naye haoni yake kwa sababu ya wavu wa uso. Alishaanguka mara mbili. Ndoo imepasuka.

4. Angani hakuna nyuki. Nimesoma vitabu vingi, sijaona popote.

Kwa hoja hizo, naomba Songambele itangazwe kuwa sayari. Bendera hatuhitaji. Tukishakuwa sayari mtalazimika kumpima Anatolia. Ikishindikana, wapeni wanaanga makomeo yetu kwa wiki moja, tuone watakavyorudi ndani.

Usidhani natania. Jumamosi kikundi kitapiga kura kama kiiuze mizinga yote. Anatolia amesema, "Nimechoka kuazima mikono ya mwanamume ili nile asali yangu." Na yule fundi aliyeitengeneza mizinga hiyo, ambaye hajawahi kuvaa ovaroli lile hata dakika moja, ndiye adui wa maendeleo. Ningekuwa na mamlaka ningemvalisha na kumfungia humo humo.

Wasalimie wahandisi wenzako, wanaanga walio juu na walioshuka, na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi mwenye uchungu,
Gaudiosus Mwesiga

N.B. Anatolia ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Akasema, "Baba Ainembabazi, mwandikie na jina la huyo fundi." Fundi ni mimi. Amenivalisha ovaroli hapa sebuleni na kuniwekea mzinga mtupu mezani. Nimehangaika mpaka chai imepoa, komeo halijafunguka, na yeye amecheka mpaka jirani amekuja kuuliza kuna nini. Kwa hiyo usije, na suala la sayari liahirishwe. Makomeo nimeyang'oa yote. Kesho asubuhi nampima Anatolia akiwa amevaa, kidole hadi bega. Nikimaliza nitakutumia vipimo, huenda vikakusaidia.